Maswali ya Wasomaji: Ulinzi wa klaudi umeikataa domeini yangu, wanataka namba ya ICP

Karibuni tena wapendwa. Safari hii sikuwa na kazi ya kuchagua mada, barua zenyewe zimechagua, karibu zote zinazungumzia jambo moja tu: mtu ana tovuti inayohudumia wateja wa China bara, inashambuliwa na trafiki ya uongo (ndo hiyo DDoS) mpaka inazimika, anakimbilia kununua ulinzi wa klaudi, analipa, halafu dashibodi inamwambia domeini yako haina usajili wa ICP, yaani ile namba ambayo serikali ya China inaipa tovuti iliyosajiliwa kwake. Najua hasira ya hapo, mwenyewe nimeshakaa mbele ya maandishi hayo mekundu usiku wa manane. Kwa hiyo leo tunakaa hapo hapo mpaka tuelewane.

SWALI: Habari za kazi kaka. Sisi tuna kampuni ndogo ya kusafirisha mizigo Guangzhou, kampuni imesajiliwa huko huko kihalali, ila tovuti yetu iko kwenye seva ya Hong Kong na miaka yote hatujawahi kuulizwa kitu. Juzi tumepigwa DDoS siku mbili mfululizo. Tukanunua ulinzi wa klaudi wa China bara kwa sababu wateja wengi wako huko, tukaweka domeini ikakataa, inadai usajili wa ICP. Sasa seva si iko Hong Kong? Hiyo namba inatuhusu nini?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na poleni sana, siku mbili wateja hawawezi kufuatilia mizigo yao ni siku mbili za simu zisizokatika.

Mnachosema kuhusu Hong Kong ni kweli. Usajili wa ICP, wenyewe huko wanauita beian, unahusu tovuti zinazohudumiwa kutoka China bara tu, Hong Kong, Macao na Taiwan hazimo, na ndo maana miaka yote mmeishi kwa amani. Kilichobadilika sio seva yenu, ni mlango wa kuingilia. Huu ulinzi wa klaudi unavyofanya kazi ni kwamba unakaa mbele ya seva: unabadilisha DNS, lile daftari la mtandao linaloonyesha domeini iko kwenye mashine ipi, ili jina la domeini lisielekee tena kwenye IP, yaani anwani ya namba, ya seva yenu bali lielekee kwenye kituo cha mtoa ulinzi, watu wote wazuri na wabaya wanafika kwanza pale, trafiki inachujwa, takataka inatupwa, iliyo safi ndo inapelekwa kwenye seva. Sasa kama kile kituo kiko Beijing au Hangzhou, mteja akifungua tovuti yenu anayemjibu ni mashine iliyo ndani ya China bara. Kwa macho ya sheria ya kule tovuti yenu imeshaingia bara, haijalishi mafaili yamelala wapi. Usajili unafuata mlango.

Hili ndo jambo ambalo natamani kila mtu alijue kabla hajatoa kadi kulipa, maana mimi sikulijua. Kuna kampuni nilikuwa naisaidia, mazingira yao yalikuwa kama yenu kabisa, seva nje ya bara na wateja ndani, shambulio likaja saa nne usiku. Mtoa huduma wa seva akaona trafiki imepita kiwango chake akaitupa IP yetu kwenye shimo jeusi, yaani anaacha kupokea kitu chochote kinachokwenda kwenye hiyo IP, kibaya na kizuri vyote vinapotea, ili wateja wake wengine wasizame pamoja na sisi. Nikanunua ulinzi wa bara haraka haraka, nikaandika domeini, nikabonyeza kuhifadhi, yakatokea maandishi mekundu chini ya kisanduku. Nikaandika tena nikidhani nimekosea herufi. Nikaandika mara ya tatu. Ndo nikaanza kusoma masharti, saa sita usiku, pesa zimeshalipwa na simu ya mwenye kampuni inaita mezani.

Mtoa huduma hakuwa anatuonea. Msingi wa jambo lenyewe ni agizo namba 292 la Baraza la Serikali la China la mwaka 2000 kuhusu huduma za habari kwenye intaneti, halafu mwaka 2005 wizara ikatoa kanuni za tovuti zisizo za kibiashara, na wizara inayosimamia leo ni ya Viwanda na Teknolojia ya Habari. Kanuni zinamkataza mtoa huduma kuiingiza mtandaoni tovuti isiyo na usajili, kwa hiyo akikupitisha kwa huruma anayeadhibiwa ni yeye. Na wewe mwenye tovuti faini ni yuan 10,000, na usiporekebisha tovuti inafungwa.

Kwa hiyo mna njia mbili halali. Ya kwanza mnasajili domeini, na kwa kuwa kampuni yenu ni ya huko huko mna haki kamili ya kufanya hivyo, halafu mnatumia ulinzi wa bara. Ya pili mnabadilisha mnachukua ulinzi ambao vituo vyake viko nje ya bara, huo hauhitaji namba ya ICP, watoa huduma wakubwa wa kule karibu wote wanauza aina zote mbili, bidhaa inaitwa karibu jina lile lile ila eneo ndo tofauti, na wengi mnapotea hapo kwenye kuchagua eneo. Hasara ya njia ya pili ni kasi, trafiki ya mteja wa Guangzhou inavuka mpaka kwenda kituo cha nje ndo irudi, atasikia kurasa nzito. Ushauri wangu kwenu: leo hii wekeni ulinzi wa nje ya bara ili mpumue, na leo hii hii anzeni usajili. Msisubiri moja liishe ndo muanze lingine.

SWALI: Je kuna usajili wa haraka? Tunashambuliwa sasa hivi, tuko tayari kulipia.

JIBU: Hakuna, na anayekuambia upo anataka pesa yako. Usajili wenyewe serikalini ni bure kabisa, hakuna dirisha la haraka la kulipia.

Ngoja nieleze unavyokwenda ili upange siku zako. Huendi wizarani wewe mwenyewe, unapitia kwa mtoa huduma wa klaudi uliyekodi kwake seva ndani ya bara, na kwa kawaida anataka seva iliyolipiwa angalau miezi 3 ndo akuruhusu kuomba. Domeini lazima iwe imenunuliwa kwa msajili anayetambulika kule na imehakikiwa kwa jina halisi, na tangu 2018 mwenye domeini lazima awe mwenye tovuti mwenyewe, au kama tovuti ni ya kampuni, mkuu wake, mwanahisa au meneja wake wa juu, yaani kama domeini iko kwa jina la mtu mwingine tu basi itarudishwa. Hapa ndo watu wanapoteza wiki nzima ya kwanza, domeini iko kwa msajili wa Marekani au Ulaya, kuihamisha peke yake siku 5 hadi 7 zimekwenda. Unaweka leseni ya kampuni, kitambulisho cha msimamizi, namba ya simu ya huko inayopatikana, picha au uhakiki wa uso kwa simu. Mtoa huduma anakagua kwanza, siku moja mbili hivi, anakupigia simu kweli, usipopokea anarudisha ombi. Akipitisha inakuja SMS yenye namba ya siri, una saa 24 za kuihakiki, zikipita unaanza upya. Halafu faili linakwenda kwenye mamlaka ya mawasiliano ya mkoa, na hao wana mpaka siku 20 za kazi. Za kazi, sikilizeni vizuri, sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina haihesabiwi.

Na kitu kingine, kama ni mara ya kwanza kusajili, tovuti haitakiwi kuwa inafunguka kutoka bara wakati maombi yanaendelea, hata ikiwa nyuma ya ulinzi wa nje, kwa hiyo siku hizo unabaki na wageni wa nje ya bara tu.

Fanya hesabu hapo. Shambulio linajaa ndani ya dakika chache, usajili unachukua wiki. Vitu hivi viwili haviwezi kukutana njiani. Mwezi Februari 2018 GitHub walipigwa trafiki ya terabiti 1.35 kwa sekunde, kubwa kuliko zote zilizowahi kujulikana mpaka siku hiyo, wakahamishia trafiki kwa kampuni ya ulinzi, na jumla ya muda walioyumba haikufika dakika 10. Waliweza kwa sababu mlango wa pili ulikuwa umeshaandaliwa kabla. Mwenye tovuti anayetegemea wateja wa China bara na hana namba ya ICP, mlango wake wa pili umefungwa na hajui kwamba umefungwa, atajua siku anakimbia.

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ndo naanza kazi ya kusimamia tovuti ya kampuni fulani Yiwu. Namba ya ICP tunayo, tulisajili kupitia kampuni moja ya klaudi miaka mitatu nyuma. Sasa bosi anataka tununue ulinzi kwa kampuni nyingine kabisa kwa sababu bei yake nzuri. Je tusajili upya?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kazi.

Namba yenu haibadiliki, hamsajili upya. Ila kuna kitu wengi hawakijui, usajili una sehemu tatu zinazoshikana: mwenye tovuti, domeini, na mtoa huduma anayeiingiza tovuti mtandaoni. Ukihamisha seva kutoka klaudi moja kwenda nyingine, mwenye tovuti na domeini ni wale wale lakini sehemu ya tatu imebadilika, kwa hiyo yule mpya anatakiwa aongezwe kwenye rekodi, wanaita usajili wa kuingia. Hatua ni zile zile, nyaraka, ukaguzi, mkoa. Kitu kizuri ni kwamba tovuti inaendelea kufanya kazi wakati huo kwa sababu namba ipo hai.

Sasa kwenu nyinyi inategemea. Seva inabaki kwa kampuni ya zamani na mnanunua ulinzi tu kwa kampuni mpya? Kwa kawaida mtoa ulinzi ataangalia tu kama domeini ina namba iliyo hai, ikiwepo anaipitisha, haijalishi ilisajiliwa kupitia nani. Lakini kama na seva inahamia kwa huyo mpya, atadai rekodi yenu iwe na jina lake, na msipofanya hivyo tovuti itazuiwa hata kama namba iko chini ya ukurasa inang'aa. Kwa hiyo kamuulize bosi swali moja tu: tunahamisha seva au tunaongeza ulinzi? Jibu lake ndo linakuambia kazi yako ya mwezi huu.

Halafu mdogo wangu, kwa kuwa umeikuta namba ya watu, usiiamini kwa macho. Ingia kwenye mfumo wa wizara, beian.miit.gov.cn, andika domeini, angalia jina la mwenye tovuti ndo jina la kampuni yenu na herufi zote sawa. Ofisi zinahama, wasimamizi wanaondoka, namba ya simu iliyo kwenye rekodi ni ya mtu aliyeacha kazi, na siku mkoa ukipiga simu kuhakiki hakuna anayepokea. Rekebisheni hiyo kabla ya kununua kitu chochote.

SWALI: Kuna jamaa ananiuzia namba ya ICP iliyo tayari pamoja na domeini yake, anasema naiweka tu kwenye tovuti yangu na ulinzi unakubali siku hiyo hiyo. Bei sio mbaya. Unaonaje?

JIBU: Naona ukimbie.

Namba sio kama kibao cha gari unachofungua hapa unafunga pale. Imefungwa kwa jina la mtu au kampuni fulani na domeini fulani, na domeini ikishauzwa kwako mwenye domeini sio yule aliyesajili, rekodi imeshakuwa ya uongo hapo hapo. Inaweza kukubali siku ya kwanza, ndio, kwa sababu mfumo wa ulinzi unaangalia kama domeini ina namba na kweli inayo. Ila watoa huduma wanarudia kukagua mara kwa mara. Rekodi ikifutwa wanaacha kupeleka trafiki, na hebu fikiria hapo DNS yako inaelekea kwao, wao wameacha kupeleka, tovuti imezimika bila hata mshambuliaji. Na kama ni katikati ya shambulio ukaamua kurudisha DNS kwenye seva yako moja kwa moja, umeianika IP yako mbele ya mtu anayeitafuta.

Isitoshe yule aliyekuuzia bado ndo jina lililoko serikalini. Akiamua kufuta, anafuta, huna cha kulalamika popote.

Kama tatizo lako ni kwamba huna kampuni China bara, basi niseme wazi, kampuni ya nje bila tawi, ofisi ya uwakilishi au kampuni tanzu iliyosajiliwa huko haiwezi kupata namba. Tumia ulinzi wa nje ya bara. Ni halali, hauna aibu, na kwa biashara nyingi za wasomaji wetu ambao wateja wao wapo Afrika na wanachofanya China ni kununua tu, huo ndo ulinzi wanaouhitaji tangu mwanzo, hayo ya bara hayawahusu hata kidogo. Angalia kwanza wageni wa tovuti yako wanatoka wapi kabla hujajitwisha mzigo usio wako.

SWALI: Kaka nimeumia. Nilikodi seva ndogo ya bara kwa ajili ya kupata usajili, nikapata namba, nikaweka ulinzi wa bara mbele, tovuti yenyewe iko seva ya Singapore. Mwaka mzima safi. Ile seva ndogo ilipoisha muda sikuilipia kwa sababu haikuwa na kazi. Wiki iliyopita ulinzi umeniondolea domeini. Kosa langu nini?

JIBU: Pole sana ndugu. Kosa lako ni kudhani ile seva haikuwa na kazi. Kazi yake ilikuwa kushikilia usajili.

Mtoa huduma aliyekusajilia ana wajibu wa kuhakikisha tovuti zilizo kwenye orodha yake kweli zipo kwake. Seva ikiisha na hujakodi nyingine, wewe kwake umekuwa jina tupu, anatakiwa akuarifu na ukikaa kimya anaondoa jina lake kwenye rekodi yako. Na rekodi ambayo haina mtoa huduma yeyote aliyeishikilia inafutwa. Nina hakika walikuandikia, angalia barua pepe na SMS za ile namba ya simu ya China uliyojisajilia, wengi laini zile wakishaondoka nchini zinakufa na ndo zilikuwa za kupokelea onyo.

Cha kufanya, kwanza angalia kwenye mfumo wa wizara kama namba imefutwa kabisa au ni mtoa huduma tu aliyejiondoa. Kama rekodi ya kampuni bado ipo, kodi seva tena na ufanye usajili wa kuingia, ni afadhali. Kama imefutwa yote unaanza moja, na namba unaweza kupewa mpya, kwa hiyo chini ya kurasa utabadilisha. Wakati unasubiri hamia kwenye vituo vya nje ya bara. Na ukishapata tena, weka ile seva ijilipie yenyewe kila mwezi, na domeini nayo ijilipie, maana domeini ikiisha muda inakwenda na usajili wake. Mimi ninayo kalenda ya vitu vitatu tu: domeini, seva, na laini ya simu. Kimoja kikifa vingine havikai.

SWALI: Tuna subdomeini saba, kila moja inahitaji namba yake? Na ile namba lazima ionekane kwenye tovuti au kuwa nayo inatosha?

JIBU: Usajili unashika domeini kuu, zilizo mbele yake kama www au duka zinafunikwa humo humo. Ila domeini kuu nyingine hata ikifungua tovuti ile ile ni usajili mwingine, ndo maana unaona namba zinaishia na kistari halafu 1, 2, 3, hiyo ni mtu mmoja mwenye tovuti kadhaa. Herufi ya mwanzo ni mkoa, ukiona 京 ni Beijing, 沪 ni Shanghai, 粤 ni Guangdong.

Na ndio lazima ionekane, chini kabisa ya ukurasa wa mwanzo, na ukiibonyeza ifungue mfumo wa wizara. Kutoweka kiungo kile faini yake ni yuan 5,000 hadi 10,000, kwa mstari mmoja wa maandishi! Pia tovuti ikishafunguliwa kuna usajili wa pili wa polisi, ndani ya siku 30, huo unafanya mwenyewe mtandaoni, watu wengi wanausahau kwa furaha ya kupata ule wa kwanza. Na kama mna programu ya simu, tangu Septemba 2023 nayo inasajiliwa, zilizokuwepo zamani zilipewa mpaka mwisho wa Machi 2024.

SWALI: Sisi tumefuata kila kitu, namba tunayo, ulinzi umekubali domeini, DNS imebadilishwa, na bado tunaangushwa! Fundi wetu anasema ulinzi ni feki. Kweli?

JIBU: Sidhani dada yangu. Nadhani mshambuliaji hapiti mlangoni, anapita dirishani, anaijua IP ya seva yenu.

Mlipoweka ulinzi domeini inaelekea kwa mtoa ulinzi, sawa, lakini seva yenu bado ina ile IP yake ya zamani, na ile IP imeshaonekana miaka yote. Kuna mitandao inayohifadhi historia ya DNS, mtu yeyote anaitafuta domeini yenu anaona mwaka jana ilikuwa inaelekea wapi. Akishaijua anapiga IP moja kwa moja, trafiki haipiti kabisa kwenye kituo cha kuchuja, mnayemlipa anaangalia grafu yake imetulia na nyie mnazama.

Kwa hiyo badilisheni IP ya seva, na mfanye hivyo baada ya ulinzi kukaa mbele sio kabla, maana mkibadilisha kabla mnaitangaza mpya kwenye DNS. Kisha kwenye kuta za moto (firewall) za seva ruhusuni IP za mtoa ulinzi peke yake ziingie porti 80 na 443, milango ambayo tovuti inapitia, zingine zote fungeni. Orodha ya hizo IP anayo kwenye dashibodi yake, nakilini kama ilivyo, na mkae mnaiangalia kwa sababu inaongezwa, ikiongezwa na nyie hamjui mtawazuia wateja wenu wenyewe.

Halafu tafuteni mahali ambapo IP mpya inaweza kuvuja. Kuna aina moja ya tatizo nimeikuta zaidi ya mara moja: barua pepe. Tovuti inatuma barua ya kuthibitisha oda kutoka seva ile ile, na ukifungua vichwa vya ile barua, ile sehemu ndefu ambayo hakuna anayeisoma, kuna mstari unaoanza na neno Received na mbele yake IP ya seva iko uchi. Mshambuliaji anaweka oda moja ya uongo, anapokea barua, basi. Subdomeini nazo, mmesema www iko kwenye ulinzi, je ile ya majaribio ambayo fundi aliitengeneza mwaka juzi? Ikiwa inaelekea kwenye seva ile ile bila kupita kwenye ulinzi ndo dirisha lenyewe.

Mwambie fundi afanye jambo moja leo kabla hajalaumu mtu. Ajitumie oda moja kwenye barua pepe yake binafsi, afungue vichwa vya barua itakayokuja, alinganishe namba atakayoiona na IP ya seva. Zikifanana, barua zihamishiwe kwenye huduma nyingine ya kutuma, kisha IP ibadilishwe tena, maana hiyo ya sasa imeshajulikana.